Miaka sita ya kumsubiri ajiongeze

Siku aliyoondoka hakupiga kelele. Alitua begi mlangoni, akanitazama, akasema: "Nimechoka kufeli mtihani ambao sijawahi kuonyeshwa maswali yake." Kisha akalibeba tena begi lake, akashuka ngazi. Nilibaki nimesimama palepale, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kama angekuwa ananipenda kweli, angejua kuwa nataka arudi.

Naandika haya ikiwa imepita miaka minne. Simchukii, wala simsafishi. Naye alikuwa na makosa yake, na hayo ni yake kuyasimulia. Ninachokijua kwa undani ni sehemu yangu, na sehemu yangu ilikuwa matarajio. Niliingia kwenye mapenzi na orodha ndefu ya mambo ambayo mtu anayenipenda angepaswa kuyafanya, halafu nikakaa nayo moyoni nikimsubiri ajiongeze.

Tulipoanza hapakuwa na haja ya kusema chochote. Nilipenda, nikafa nikaoza. Ujumbe wake ulikuwa unaingia kabla sijaamka, na usiku tulizungumza mpaka simu inapata joto sikioni. Nikisema nimechoka, anauliza nimechoshwa na nini. Nikinyamaza, anauliza mbona nimenyamaza. Alikumbuka jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu ambaye nilimtaja mara moja tu. Kila alichofanya kilinithibitishia kuwa huyu ananisoma bila mimi kufungua mdomo. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na kweli, hata pale alipokosea nilimtafutia udhuru mwenyewe kabla hajajitetea.

Sikujua kwamba kipindi kile kina umri wake. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walichapisha utafiti wa watu 20 waliokuwa wamezama kwenye penzi jipya, la chini ya miezi sita. Walipowapima damu waliona kuwa protini inayosafirisha serotonini, kemikali ya mwilini inayohusika na hisia, imeshuka, kwa kiwango kinachofanana na cha wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo yasiyowatoka kichwani. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida. Ni utafiti mdogo na sitaki kuubebesha mzigo usio wake. Lakini nilipousoma, nikiwa nimeshaachwa, nililia. Mwezi wa kumi na nne wa uhusiano wetu ndio ambao siku zote niliuhesabu kuwa mwezi aliopunguza kunipenda.

Nikiutazama sasa, mwezi ule hakikutokea kitu. Alianza kulala mapema. Ujumbe wa asubuhi ukawa unakuja saa nne badala ya alfajiri, siku nyingine hauji. Alikuwa anakaa karibu nami akifanya shughuli zake kimya, ametulia kabisa, na utulivu ule ule ambao leo ningeuona kuwa ni mtu aliyefika nyumbani, mimi niliutafsiri kuwa penzi limechuja. Nikaanza kutafuta dalili. Na mtu anayetafuta dalili hazikosi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote: nilianza kumpima. Nilikuwa nakaa bila kumtumia ujumbe ili nione atachukua muda gani kunitafuta. Nilikuwa nasema "fanya utakavyo" huku nikiwa na jibu moja tu ambalo ningeliona sahihi. Akikosea, nilimchunia siku mbili, tatu. Siku yangu ya kuzaliwa sikumkumbusha, kwa makusudi, na aliposahau mpaka saa mbili usiku nilikuwa nimeshaandaa hukumu tangu asubuhi. Aliomba msamaha kwa moyo wote. Nikamwambia yameisha, na hayakuisha.

Kuna jioni moja ambayo nimeirudia akilini mara nyingi kuliko siku yenyewe ya kuachana. Nilikuwa nimetoka kuambiwa kazini kwamba nafasi niliyoisubiri miaka miwili amepewa mtu mwingine. Nilipanda ngazi nikijikaza. Nilipoingia alikuwa ameinama mezani anatengeneza redio ndogo ya zamani, bisibisi mkononi, skrubu nne amezipanga juu ya kipande cha karatasi.

"Vipi kazini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Salama."

Nikavua viatu taratibu. Nikakaa kwenye kiti kilichotazamana naye, nikasubiri. Skrubu moja ilibiringika ikaanguka chini, akaifuata chini ya meza kwa mwanga wa simu. Nakumbuka nikijiambia moyoni: akiinuka na kunitazama usoni, nitamwambia. Aliinuka, akaipuliza vumbi ile skrubu, akairudisha kwenye karatasi pamoja na wenzake. Nikaenda chumbani nikajifunika shuka. Alikuja baadaye akauliza, "Mbona umelala mapema, unaumwa?" Nikasema, "Hakuna kitu."

Habari ya kazi aliipata wiki tatu baadaye, tena kwa mtu mwingine. Aliumia sana. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, na nikamjibu neno ambalo leo ningelipa chochote nisiwe nimelisema: "Ungenipenda ungeona."

Nilikuwa namaanisha. Niliamini kabisa kuwa upendo wa kuomba si upendo. Kwamba kitu ukishakitamka kinapoteza thamani, kwa sababu sasa anakifanya kwa kuambiwa. Imani hiyo sikuibuni. Nilikua nikiona hadithi za mapenzi ambamo mtu anatokea mlangoni dakika ileile anapohitajika, bila kuitwa, na hadithi inakatika wakikumbatiana. Hakuna aliyenionyesha wawili hao miaka mitano baadaye, mmoja amechoka na mwingine ana jambo la kusema.

Wakati huohuo nilikuwa nimeshawaacha marafiki zangu. Sikugombana nao, niliacha tu kuwapigia. Nilikuwa nimemweka yeye awe mpenzi, rafiki wa karibu, mshauri, mtu wa kunichekesha, na wa kuniondolea hofu usiku. Kwa jinsi nilivyomzungushia maisha yangu yote, akichelewa saa moja tu dunia yangu nzima ilikuwa imechelewa. Marafiki wawili waliobaki niliwatumia kwa kazi moja, kuwapelekea mashtaka yake. Nao walinisikia mimi pekee, kwa hiyo walinijibu kwa kunitetea: achana naye, unastahili zaidi. Kama uko kwenye hali hiyo sasa, angalia ni nani unayempelekea habari za mwenzako, na ni habari zipi. Rafiki anayesikia mabaya tu hawezi kukushauri vizuri hata akikupenda vipi.

Basi akaondoka. Miezi mitano ya kwanza sikulala usingizi wa maana. Nilipungua, nikaanza kukosea kazini vitu ambavyo navifanya nimefumba macho, nikapewa onyo la maandishi. Kodi ya nyumba tuliyokuwa tunalipa wawili ilibaki mabegani mwangu peke yangu, na mkataba ulikuwa na miezi minane mbele. Nikahama kabla ya muda na kupoteza amana yote. Haya ya pesa watu hawayasemi wanapozungumzia maumivu ya moyo. Kama mnaishi pamoja, kaeni chini mapema mkiwa mnapendana, muandike nani atawajibika kwa nini mkitengana. Ni mazungumzo mazito, lakini ni mepesi kuliko kuyafanya wakati mmoja ameshafunga begi.

Nilipoona hali inazidi, nilimtafuta mshauri nasaha. Wa kwanza hatukuelewana. Kila nikizungumza anatazama saa, na baada ya vikao viwili niliacha. Wa pili nilikaa naye karibu mwaka mzima. Nataka wanaosoma wajue hilo, kwamba kumkosa mtu sahihi mara ya kwanza kusikufanye uamini msaada haupo.

Kikao cha nne aliniambia niandike kwenye daftari kila kitu nilichokuwa nakitarajia kutoka kwa mwenzangu, kikubwa na kidogo, bila aibu. Niliandika kwa siku tatu. Yalifika mambo 31. Akanichorea mstari wa kwanza pembeni: je, ulimwambia? Nilianza kuweka alama kwa ujasiri, kisha kalamu ikawa inasita. Mwisho nilikuwa na alama nne. Nne kati ya 31, na mbili kati ya hizo nilizisema nikiwa nafoka.

Akanichorea mstari wa pili: umelitoa wapi? Huu ulinichukua muda zaidi. Kumi hivi niliyatoa kwenye hadithi na picha za wapendanao zinazopita kwenye simu. Mengine ni mambo ambayo baba hakumfanyia mama, nikaapa wangu atanifanyia, bila huyo wangu kujua kuwa analipa deni la mtu mwingine. Machache, pengine saba, yalikuwa yangu mwenyewe kweli, mahitaji ambayo nisipoyapata nakauka. Mazungumzo yasiyokatizwa. Kuguswa begani ninapopita. Kuambiwa ukweli mapema. Hayo saba ndiyo ambayo sikuwahi kuyasema hata moja, kwa sababu ndiyo yaliyoniogopesha kuliko yote kukataliwa.

Mshauri ndiye aliyenieleza kwamba hali yangu ilishaandikwa zamani. Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roy Eidelson na Norman Epstein, walitengeneza dodoso la imani zinazoharibu mahusiano. Walitaja tano: kwamba kutofautiana ni hatari kwa penzi; kwamba mwenzako anapaswa kujua mawazo yako bila kuambiwa; kwamba mtu habadiliki; kwamba tendo la ndoa lazima liwe kamilifu kila mara; na kwamba mwanamke na mwanamume ni viumbe tofauti mno kiasi cha kutoelewana. Waliona kuwa wenye imani hizo kwa nguvu zaidi ndio walioridhika kidogo zaidi na ndoa zao. Nilipoisikia ya pili nilijiinamia. Miaka arobaini watu wanajua jambo hili, na mimi nimeliita mapenzi.

Sasa hapa nina jambo la kusisitiza, kwa sababu nimeliona likiwaumiza watu. Nilipoanza kusimulia habari zangu, wengi waliniambia funzo lake ni kupunguza matarajio. Punguza, vumilia, hakuna mkamilifu. Hapana. Kuna mambo ambayo hayapunguzwi hata chembe: kutopigwa, kutotukanwa, kutodanganywa, kutofuatiliwa kama mfungwa, kuheshimiwa mbele za watu na faraghani. Namjua dada mmoja aliyekaa miaka mingi na mtu aliyemdhalilisha, akiambiwa kila upande kwamba anatarajia makubwa. Hakuwa anatarajia makubwa. Alikuwa anatarajia kuwa salama nyumbani kwake. Ukiona matarajio yako ni ya aina hiyo, usiyafanyie mazungumzo ya upole usiku. Tafuta mtu unayemwamini na uangalie usalama wako kwanza.

Ya kwangu yalikuwa ya aina nyingine, na hayakuhitaji kupunguzwa, yalihitaji kutamkwa.

Karibu mwaka wa pili baada ya kuachana nilikutana na ninayeishi naye sasa. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimejirudisha kwa marafiki zangu kwanza, mmoja mmoja, kwa kuomba radhi, na wote isipokuwa mmoja walinipokea. Nilikuwa na watu wa kucheka nao na wa kulia kwao kabla hajaja, na nadhani hilo ndilo lililotusaidia mno, maana hakukuta nafasi tano zilizo wazi zinamsubiri azijaze zote.

Mwezi wa tatu nikaamua kusema. Na nilikosea tena. Nilichukua daftari, nikamketisha, nikamsomea yale saba moja baada ya jingine kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Nilipomaliza alikuwa mwekundu wa macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo miezi mitatu yote hii nimekuwa nakukosea?" Sikuwa nimefikiria kuwa angeisikia hivyo. Ilitubidi tukae wiki nzima tukilirekebisha.

Tangu siku ile nasema moja kwa wakati wake, tena siku ambayo hatujagombana. Nasema kitendo, sisemi tabia. "Wewe hunijali" ni maneno ambayo mtu hana pa kuyashika. "Nikirudi kutoka kazini naomba tukae dakika kumi kabla hujarudi kwenye kompyuta" anaweza kulifanya kesho. Na nikishasema, namwachia nafasi ya kukataa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, kwa sababu ombi lisiloweza kukataliwa ni amri, na mimi miaka yote nilikuwa naogopa kuomba kwa sababu sikuwa nimejiandaa kusikia "hilo siliwezi." Amenijibu hivyo mara mbili. Nililia mara moja. Tulitafuta njia nyingine kwa moja ya hayo, na la pili nimelipeleka kwa marafiki zangu, na linanitosha.

Kingine ambacho sikukitegemea ni kwamba naye alikuwa na orodha. Siku zote hizo nilijiona mimi ndiye ninayesubiri. Nilipomuuliza, ilichukua siku nne kunijibu, halafu akaniambia kuwa akitoka kazini anahitaji nusu saa bila kuongeleshwa, na kwamba kila nikimfuata na maswali mlangoni anajisikia kama bado yuko kazini. Mimi dakika kumi za pamoja, yeye nusu saa ya peke yake, saa ileile, mlango uleule. Kama ningekuwa yule wa zamani, mambo hayo mawili yangetosha kutuachanisha: mmoja angeona anapuuzwa na mwingine angeona anabanwa, na kila mmoja angengoja mwenzake ajiongeze. Sasa anaingia, ananigusa begani, anaenda chumbani nusu saa, kisha anakuja tunakaa. Siku nyingine anasahau kugusa. Siku nyingine mimi nasahau na kumfuata hadi chumbani.

Hatujamaliza tofauti zetu na sitegemei tuzimalize. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia wenza kwa miaka mingi, anakadiria kuwa asilimia 69 ya mambo yanayowagombanisha wenza ni ya kudumu, yanatokana na tofauti za hulka na hayana ufumbuzi wa moja kwa moja. Zamani takwimu hiyo ingenivunja moyo. Ilinipunguzia mzigo. Ugomvi wetu wa fedha, yeye wa kuweka na mimi wa kutumia, tumeshaufanya pengine mara ishirini, na nimeacha kuuona kuwa ni ushahidi kwamba nimekosea mtu. Tunauzungumza, tunapatana kwa miezi miwili, unarudi.

Bado kuna siku naamka na ile hali ya zamani. Nanyamaza makusudi, nasikiliza hatua zake, nahesabu. Naijua sasa ikianza, inaanza kifuani kama kitu kinachokaza, na ninapoigundua najilazimisha kusema sentensi moja, hata kama ni mbovu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba shangazi yangu amelazwa na hali si nzuri. Mwenzangu alikuwa sebuleni anafanya kazi zake, masikio yamezibwa na spika ndogo. Nilisimama mlangoni. Hakugeuka. Nikahisi kifua kinakaza, nikaona hata ile skrubu ikibiringika mezani. Nikaenda nikamshika mkono.

"Shangazi amelazwa," nikasema. "Naomba ukae na mimi. Usinipe ushauri, kaa tu."

Akatoa spika masikioni, akafunga kompyuta, akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana. Tulikaa kimya muda. Kisha akaanza: je, nimewauliza ni daktari gani anayemwangalia, na kwa nini wasimhamishe...

"Ushauri huo," nikasema.

Akafumba mdomo, akanishika mikono yote miwili. "Haya. Naanza upya."